Jinsi Ruta za Dunia Zilivyofundishwa Kuulizana Njia

Somo la historia lililosomwa redioni kwa madarasa ya elimu ya watu wazima

Kaeni vizuri, na wewe unayesoma ukurasa huu baada ya matangazo, shika kalamu yako. Somo la leo ni la historia, lakini hamtasikia habari za wafalme wala za vita. Ni historia ya njia. Unapotuma ujumbe kwa simu ya mkononi, ujumbe ule hupita mahali pengi kabla ya kumfikia unayemtumia. Tutatazama ni nani aliyeziweka njia hizo, zinajulikanaje, na imekuwaje mara kadhaa mtu mmoja, kwa kuandika mistari michache isiyofaa, akawapotezea njia watu wa nchi nyingi kwa saa nzima.

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno matatu: ruta, itifaki, mipangilio. Wanafunzi wayanakili katika madaftari yao.

Ruta ni mtambo. Ile ya dukani au ya ofisini ni ndogo kama kitabu. Zile za makampuni makubwa hujaza kabati zima. Kazi yake ni kupokea vifurushi vya habari na kuvipeleka kwenye waya unaofaa. Maana habari zote za intaneti, iwe barua, iwe picha, iwe sauti, hukatwa vipande vidogo vidogo kabla ya kusafirishwa, na kila kipande huandikwa anwani ya kule kinakokwenda. Anwani hiyo si jina la mtu wala la mtaa. Ni nambari. Itifaki ni mapatano ya namna ya kuzungumza: nani aanze, aseme nini, ajibiwe vipi, na akinyamaza ifikiriwe nini. Na mipangilio ni maagizo ambayo fundi huyaandika ndani ya ruta, ili ijue nambari yake, majirani zake, na mambo gani ikubali au ikatae.

Sasa kumbukeni habari za misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Mbele ya msafara alikwenda kirangozi. Hakuwa na ramani ya kuchorwa. Aliijua njia mpaka kituo kinachofuata, na akifika huko aliuliza: Mbele kuna maji? Njia ni salama? Mtawala wa huko anatoza hongo kiasi gani? Akisikia majibu ndipo aliposhika njia. Basi ruta nayo iko hivyo hivyo. Hakuna ruta hata moja yenye ramani kamili ya dunia. Kila moja inawajua majirani zake tu, na habari za mbali huzipata kwa kuambiwa. Shikeni jambo hilo, kwa sababu mambo yote ya somo hili yanatoka hapo.

Twende Marekani, mwaka 1969. Idara moja ya wizara ya ulinzi ya nchi ile iligharimia kazi ya kuunganisha kompyuta za vyuo, na mtandao huo ukaitwa ARPANET. Mwanzoni ulikuwa na vituo vinne tu: viwili katika vyuo vya Los Angeles na Santa Barbara, kimoja katika taasisi ya utafiti ya Stanford, na cha nne katika jimbo la Utah. Tarehe 29 Oktoba 1969, usiku, kijana mmoja mwanafunzi aliyekuwa Los Angeles alijaribu kupeleka neno la Kiingereza lenye herufi tano kwenda Stanford. Herufi mbili za kwanza, L na O, zilifika. Kisha kompyuta ya upande wa pili ikazima. Walijaribu tena baadaye usiku ule ule, na safari hiyo ikawezekana.

Kila kituo kilikuwa na mtambo wake wa kuelekeza vifurushi. Mitambo hiyo, iliyotengenezwa na kampuni ya Bolt Beranek and Newman, ndiyo mababu wa ruta za leo. Mara kwa mara kila mtambo uliwaambia majirani zake, "Kutoka kwangu mpaka mahali fulani ni safari ya urefu huu." Jirani akiongeza urefu wa kipande chake alipata hesabu yake, naye akamwambia jirani wa pili. Waya ukikatika, habari zilienea, na vifurushi vikazunguka upande mwingine. Ulikuwa mpango mzuri, na watu walioufanya walistahili sifa.

Lakini tazama siku ya Krismasi ya mwaka 1973. Mtambo uliokuwa katika Chuo Kikuu cha Harvard uliharibika sehemu ya kumbukumbu yake. Haukuzima. Laiti ungezima, majirani wangeukwepa. Badala yake uliendelea kufanya kazi huku ukiwatangazia wote kwamba safari ya kutoka kwake mpaka mahali popote katika mtandao ni sifuri. Yaani, "Leteni vyote kwangu, mimi nipo kila mahali." Mitambo mingine haikuwa na njia ya kujua kwamba ndugu yao ni mgonjwa. Iliamini. Vifurushi vya ARPANET vikamiminika Harvard, na huko vikapotea.

Hapo pana jambo ambalo fundi wa leo bado hujifunza katika wiki yake ya kwanza ya kazi: mtambo uliokufa una hasara ndogo kuliko mtambo ulio hai unaosema uongo.

Miaka ikapita, na mitandao ikawa mingi. Chuo hiki kilikuwa na wake, kampuni ile ilikuwa na wake, na kila mmoja ulikuwa na mwenyewe na sheria zake za ndani. Mnamo 1 Januari 1983 ARPANET yote ilihamia katika itifaki mpya ambazo ndizo tunazotumia mpaka leo, na hapo tunaweza kusema intaneti ilizaliwa. Lakini sasa kulikuwa na swali jingine. Si tena njia kati ya mtambo na mtambo ndani ya nyumba moja, bali njia kati ya mwenye nyumba huyu na mwenye nyumba yule, watu ambao pengine ni washindani wa biashara na hawapendi kuonyeshana vyumba vyao.

Itifaki ya kwanza ya kazi hiyo iliandikwa mwaka 1982. Ilifanya kazi kwa sharti moja: mitandao yote ikae kama mti, yaani pawe na shina moja katikati na matawi yatoke kwenye shina hilo. Sharti hilo liliwezekana wakati serikali ya Marekani ilipokuwa mwenye shina. Lakini watu hawajengi hivyo. Tawi likikutana na tawi jingine huunganishwa, kwa kuwa ni karibu zaidi. Na matawi yakiunganishwa hovyo, kifurushi kinaweza kuzunguka: A akakipeleka kwa B, B kwa C, na C akakirudisha kwa A, kila mmoja akidhani anamsaidia mwenzake. Kufikia mwisho wa miaka ya themanini, mpango ule wa mti ulikuwa umezidiwa.

Mwezi wa Januari 1989 wahandisi wa intaneti walikuwa na mkutano katika mji wa Austin, jimbo la Texas. Wakati wa chakula cha mchana, wawili kati yao waliketi meza moja wakijadili tatizo hili. Mmoja ni Kirk Lougheed wa kampuni ya Cisco, iliyotengeneza ruta, na wa pili ni Yakov Rekhter wa kampuni ya IBM. Hawakuwa na daftari. Wakachukua karatasi laini za kufutia mdomo zilizokuwa mezani, wakaandika humo muhtasari wa itifaki mpya. Mwezi wa Juni mwaka ule ule maelezo yake yakachapishwa. Jina lake, kwa Kiswahili, tunaweza kuliita Itifaki ya Lango la Mpakani. Mafundi wa dunia nzima huiita kwa herufi tatu: BGP. Mpaka leo wapo wanaoitania kuwa ni itifaki ya karatasi za mezani.

Je, waliandika nini? Wazo lenyewe ni jepesi, na hata sisi hapa darasani tunaweza kulielewa. Kila mtandao unaojitawala hupewa nambari yake. Tuseme mtandao wenye nambari 40 una anwani fulani. Unamtangazia jirani yake, nambari 20: "Anwani hizi ni zangu, njia ni 40." Nambari 20 anamtangazia nambari 10: "Anwani hizi zinafikika, njia ni 20, kisha 40." Nambari 10 akiitangaza mbele zaidi huweka nambari yake mwanzoni: "10, 20, 40." Kila anayepitisha habari hutia sahihi ya nambari yake. Na dawa ya kuzunguka ni hii: ukipokea tangazo, ukakuta nambari yako mwenyewe imo ndani ya orodha, litupe. Maana ni habari iliyotoka kwako ikarudi.

Njia zikiwa mbili, kwa kawaida ruta huchagua yenye orodha fupi. Tafadhali msidhani kwamba ni fupi kwa maili. Ruta haijui maili. Orodha ya nambari mbili inaweza kuvuka bahari mara mbili, na orodha ya nambari nne ikawa yote ni ya mji mmoja. Tena, kabla ya kutazama urefu, ruta hutazama alivyopenda mwenye mtandao. Akiandika katika mipangilio kwamba habari zipite kwa jirani asiyemtoza fedha, zitapita huko hata kama orodha ni ndefu. Ni ile hongo ya kirangozi tena.

Sasa tumwangalie fundi mwenyewe akiwa kazini. Mbele yake pana kioo cha kompyuta na mstari mtupu. Kwanza anaandika mipangilio ya jumla, yaani ile inayoitawala ruta nzima. Anaiamuru ruta iianzishe BGP, na papo hapo anataja nambari ya mtandao wake. Anaipa ruta kitambulisho chake, chenye umbo la anwani, kisifanane na cha ruta nyingine. Anaweka muda wa kusubiri. Ruta mbili zikiwa jirani hupelekeana salamu fupi kuonyesha kwamba zingali hai. Katika ruta za Cisco kawaida ni kila baada ya sekunde 60, na jirani akinyamaza sekunde 180 huhesabiwa kuwa amekufa, na njia zote alizozisema hufutwa. Baada ya hayo anamwandika kila jirani: anwani ya ruta yake na nambari ya mtandao wake. Lazima pande zote mbili ziandike. Mmoja akimtaja mwenziwe na mwenziwe asimtaje, hapana mazungumzo. Kisha anaandika anwani atakazozitangaza kuwa ni zake.

Kufika hapo mambo yanafanya kazi, vifurushi vinapita, na fundi mvivu huenda kunywa chai. Lakini imebaki sehemu moja, nayo ni ya vichungio. Kichungio ni agizo la kuikataza ruta: kwa jirani huyu pokea anwani hizi tu, nyingine kataa, kwa jirani yule usitangaze ila hizi. Vichungio havifanyi chochote kiende haraka zaidi. Havionekani na mteja. Kwa hiyo ni rahisi kuviahirisha mpaka kesho, na kesho huwa haifiki. Sehemu kubwa ya misiba ya BGP ilianzia katika mistari hiyo ambayo haikuandikwa.

Mnamo 25 Aprili 1997 mtandao mmoja huko Marekani, wenye nambari 7007, ulipokea orodha ya njia za intaneti kutoka kwa mteja wake. Kwa hitilafu, ruta yake ikazikata anwani hizo katika mafungu madogo madogo, ikazitangaza upya kana kwamba zote ni mali ya 7007. Dunia ikaamini, kama mitambo ilivyoiamini Harvard. Habari za watu wengi zikaanza kumiminika katika mtandao ambao haukuweza kuzibeba. Mafundi waliitenga ruta ile na kuikata kabisa, lakini matangazo yake ya uongo yaliendelea kwa muda kuzunguka katika ruta za wengine.

Kwa nini yale mafungu madogo yalishinda? Kwa sababu ya sheria nyingine ya ruta, ambayo yafaa tuieleze polepole. Tangazo la fungu dogo la anwani hushinda tangazo la fungu kubwa. Karani wa posta naye hufanya vivyo hivyo. Akiwa na agizo moja linalosema barua zote za Mkoa wa Tanga ziwekwe gari la kwanza, na agizo la pili linalosema barua za Lushoto ziwekwe gari la pili, barua ya Lushoto ataiweka gari la pili, ijapokuwa Lushoto imo ndani ya Tanga. Ni sheria ya busara. Lakini mtu asiye na haki juu ya Lushoto akiandika agizo lake, nalo litafuatwa.

Jambo hilo lilionekana wazi Jumapili tarehe 24 Februari 2008. Serikali ya Pakistan iliamuru kwamba watu wa nchi hiyo wazuiwe kuitazama YouTube. Kampuni ya simu, Pakistan Telecom, ikatimiza amri kwa kutumia njia: ikaandika katika ruta zake njia ya bandia ya anwani za YouTube, ili vifurushi vya wananchi vitupwe. YouTube yenyewe ilikuwa ikitangaza fungu la anwani 1,024. Pakistan Telecom iliandika fungu dogo la anwani 256 lililokuwa ndani ya lile. Ingekuwa imebaki ndani ya Pakistan, tusingekuwa na la kusimulia. Lakini tangazo lilivuja likamfikia jirani wa nje, kampuni ya PCCW ya Hong Kong, na PCCW haikuwa na kichungio cha kulikataa. Ikalipitisha kwa dunia.

Kwa saa zetu za Afrika Mashariki ilikuwa saa 3 na dakika 47 usiku. Muda mfupi tu baadaye, mtu aliyefungua YouTube katika nchi nyingine alikuwa anapeleka vifurushi vyake Pakistan bila kujua, navyo vikitupwa huko. Saa 5 na dakika 7 usiku YouTube nayo ikatangaza lile lile fungu la anwani 256. Hapo dunia ikagawanyika, wengine wakimsikiliza huyu na wengine yule, kwa kadiri ya urefu wa njia. Dakika 11 baadaye YouTube ikatangaza mafungu madogo zaidi, ya anwani 128 kila moja, ili yashinde. Ilipofika saa 6 na dakika 1 usiku, PCCW ikayaondoa matangazo yaliyotoka Pakistan Telecom, na mambo yakatulia. Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na mtu aliyetii amri, na mwingine aliyekuwa hana kichungio.

Msidhani kwamba mambo haya ni ya mbali. Nairobi pia ina historia yake. Katika miaka ya tisini makampuni ya intaneti ya Kenya yalifikia dunia kwa setilaiti, kila moja kwa njia yake. Majirani wa mtaa mmoja hawakuwa majirani katika ruta. Barua ya kutoka kampuni hii kwenda kampuni ile, zilizo hatua chache mjini, ilipanda angani, ikateremka ng'ambo, ikageuka, ikapanda tena na kuteremka Nairobi. Setilaiti hizo hukaa karibu kilomita 36,000 juu ya ardhi. Kupanda na kuteremka mara moja huchukua kama robo ya sekunde, hata kwa mwendo wa mwanga. Basi kwenda na kugeuka ni nusu sekunde, na jibu likirudi kwa njia hiyo hiyo sekunde nzima imekwisha, na kila hatua imelipiwa kwa fedha za kigeni.

Mwishoni mwa mwaka 2000 makampuni hayo yalianzisha kituo cha kukutanishia ruta zao hapo hapo mjini, kinachojulikana kama KIXP. Ni chumba chenye mtambo wa kuziunganisha; kila kampuni huleta waya wake, na mafundi huandikana kuwa majirani kwa BGP. Baada ya hapo hakuna anayehitaji kuziamuru barua za Nairobi zibaki Nairobi. Ruta zikisikia orodha fupi huifuata zenyewe. Lakini shirika la simu, Telkom Kenya, lilikuwa na haki ya peke yake juu ya mawasiliano ya kimataifa, nalo likalalamika kwamba kituo hicho kinavunja haki hiyo. Kabla ya kutimiza mwezi mmoja kituo kikafungwa kwa amri ya tume ya mawasiliano. Makampuni yakashikilia kwamba barua isiyotoka nje ya mji haiwezi kuitwa ya kimataifa. Mimi naona hoja hiyo ilikuwa ngumu kujibiwa. Mashauri yalichukua zaidi ya mwaka, kikafunguliwa tena Februari 2002. Dar es Salaam nayo ikajenga kituo cha namna hiyo miaka michache baadaye.

Tena wengi wenu mnaikumbuka Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021. Kiasi cha saa 12 na dakika 40 jioni ya huku, WhatsApp, Facebook na Instagram zilinyamaza pamoja, zikakaa kimya karibu saa sita. Watu walidhani simu zao zimeharibika, wengine wakanunua vocha ya pili. Kumbe fundi wa kampuni yenye huduma hizo alitoa amri ya kupima uwezo wa njia zao kuu, na amri hiyo ikakata njia zote zilizounganisha majumba yao ya kompyuta. Programu iliyowekwa kukagua amri kama hizo ilikuwa na kasoro, haikuizuia. Sasa, mitambo yao ya kutafsiri majina kuwa anwani ilikuwa imepangwa hivi: ikiona haiwezi kuyafikia majumba hayo, ijihesabu kuwa ni migonjwa na iyaondoe matangazo yake ya BGP. Ikafanya kama ilivyoagizwa. Ruta za dunia zikasahau njia ya kwenda kwa mitambo hiyo. Mafundi walipotaka kurekebisha, vifaa walivyovizoea vilitegemea mtandao ule ule uliokufa, hata ikabidi watu waende kwa miguu yao mpaka kwenye mitambo, nayo ilikuwa nyuma ya milango yenye ulinzi mkali.

Angalia tofauti. Mtambo wa Harvard uliugua ukaendelea kusema. Mitambo hii ilifundishwa kwamba ikiugua inyamaze, ikanyamaza yote kwa pamoja.

BGP tunayoitumia sasa ni toleo la nne, lililotolewa mwaka 1994 na kuandikwa upya kwa usahihi zaidi mwaka 2006. Hakujatokea la tano. Mitandao inayojitawala imezidi 70,000, na njia ambazo ruta kubwa huzibeba kichwani zimepita 900,000. Zilipovuka kiasi cha 512,000, mwezi Agosti 2014, ruta nyingi za zamani zilizidiwa, kwa kuwa kumbukumbu zao zilipangiwa njia 512,000 tu kama kawaida. Fundi aliyekuwa amebadili mpangilio huo mapema alilala usingizi wake.

Kuhusu suala la uongo, dawa imepatikana nusu. Kila mwenye anwani anaweza sasa kuweka hati yenye sahihi ya kompyuta, isiyoweza kughushiwa kirahisi, inayosema: anwani hizi zina haki ya kutangazwa na nambari fulani tu. Hapa Afrika hati hizo huwekwa kwa AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius linalogawa anwani na nambari za mitandao ya bara letu. Ruta ikipokea tangazo huilinganisha nambari na hati, na zikipingana hulitupa, mradi fundi ameiagiza hivyo katika mipangilio. Mwaka 2024, kwa mara ya kwanza, zaidi ya nusu ya njia za anwani za mtindo wa zamani zilikuwa na hati. Kama mpango huo ungalikuwapo na kufuatwa Februari 2008, tangazo la Pakistan lingetupwa mlangoni. Lakini hati humthibitisha mwenye anwani tu. Haithibitishi orodha ya njia iliyopitiwa mpaka kumfikia. Mtu akiandika orodha ya uongo yenye mwisho wa kweli, hati itamwona ni mkweli. Wahandisi wangali wanashughulika na nusu hiyo ya pili.

Sasa, mwalimu, chora ubaoni mitandao minne: 10, 20, 30 na 40. Unganisha 10 na 20, 10 na 30, 20 na 40, halafu 30 na 40. Wanafunzi waandike orodha mbili za njia ambazo 10 anaweza kumfikia 40. Kisha ufute mstari kati ya 20 na 40, kama waya uliokatika. Waulize: 20 atamfikia 40 kwa orodha gani sasa? Na 20 akimtangazia 10 orodha hiyo mpya, 10 atafanya nini nayo, na kwa sababu gani? Wajibu kwanza kwa maneno, halafu kila mmoja aandike jibu lake kwa nambari katika daftari. Kwaherini.